Karatasi ya Mahudhurio

*Lipangalala, Jumatatu, 3 Machi*

Mvua imeanza saa nane mchana na sasa ni saa kumi na mbili, haijakata. Shangazi Paulina amepanga ndoo kila mahali bati linapovuja. Naandika kwa mkono kwa sababu nikiandika kwenye kompyuta nahisi msimamizi wangu ananichungulia.

Niweke mambo sawa mapema, maana mimi nikikasirika nasahau nilianzia wapi. Nina miaka thelathini na moja. Nasoma shahada ya uzamili Australia, kwenye idara inayoshughulika na watu wa asili, wale waliokuwa na nchi yao kabla wageni hawajaja. Nimerudi kurekodi maneno ya maji ya Kindamba, lugha ya kwetu. Wazee wa kijiji cha Mofu wana neno la maji yanayopanda, neno la maji yanayokaa, neno la maji yanayorudi mtoni yakiacha samaki mashambani. Sisi watoto wao tunasema mafuriko, tumemaliza.

Kamati ya maadili ya chuo inataka fomu ya ridhaa kutoka kwa kila mzee, yenye saini au dole gumba, kabla ya tarehe 30 Aprili. Mwaka jana niliugua nikaahirisha, kwa hiyo hakuna kuongezewa tena. Fomu zisipofika, ufadhili unakufa na mimi nabaki kuwa yule aliyekwenda Ulaya akarudi mikono mitupu. Kwa watu wa hapa, Australia nayo ni Ulaya.

Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu, Amedeus. Ni mwalimu mstaafu, na ndiye aliyenilea. Alifundisha Mofu miaka kumi na tisa, kila mtu kule anamjua, nami nikamwomba twende wote. Amesema magoti hayamruhusu.

*Jumatano, 5 Machi*

Majivu ya Kwaresima, mvua, maharage. Magoti ya shangazi yamefika kanisani na kurudi bila tatizo.

*Mofu, Jumamosi, 8 Machi*

Bodaboda imeteleza mara mbili. Nimefika nikiwa tope mpaka kiunoni. Mwenyekiti wa kitongoji, Eustaki, akanicheka kwanza ndipo akanikaribisha. Akanipeleka kwa Bibi Stefania, ambaye anasema ana miaka themanini na kitu, na hicho kitu hataki kukitaja.

Jamani, yule bibi anaongea! Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza mimi ni wa nani. Niliposema binti wa Amedeus akanishika uso kwa mikono miwili. Kisha akauliza Mwalimu Paulina hajambo, mbona haji. Nikasema magoti. Akasikitika kweli, akasema atamwombea.

Nimerekodi kwa saa mbili na nusu. Maneno kumi na sita. Msimamizi alinikanya nisiyaandike kwenye daftari langu binafsi, kwa hiyo humu naweka namba. La tisa ni maji yanayopanda wakati hapa hakujanyesha, yaani mvua imenyesha milimani na mto unakuletea habari. La tisa lilinitoa machozi, sijui kwa nini. Kindamba nakisikia vizuri lakini ulimi wangu mzito, na alipolitamka nikamsikia baba.

Kisha nikatoa fomu. Bibi akaitazama kama mtu anayetazama nyoka aliyekwisha kufa, hamwogopi lakini hamshiki. "Sauti umeshaichukua," akasema. "Fomu, hapana."

Eustaki alinieleza njiani. Miaka ile mpaka wa hifadhi ulipopimwa, mashamba ya mpunga ya watu wengi yaliangukia upande wa pili, na ya bibi yakiwemo. Walipolalamika wakaambiwa walisaini fomu kuridhia. Kila mtu anaapa hakusaini fomu yoyote. Tangu hapo ukitaja fomu Mofu umekwisha.

*Jumatano, 12 Machi*

Nimemwandikia Careen. Yeye ni mama mmoja wa watu wa asili wa kule, anaendesha ofisi ya kuwasaidia wanafunzi wa asili chuoni. Mimi kwa taratibu ni mgeni, ofisi yangu ni ile ya wanafunzi wa kigeni. Mwaka wa kwanza nilipotea njia nikaingia kwake kuuliza choo, akaniuliza kwetu ni wapi na watu wangu ni akina nani. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza hivyo kwenye nchi ile. Nikawa nakwenda kunywa chai kila siku.

Amejibu kwamba kamati inaweza kukubali ridhaa ya pamoja: kikao cha jamii, muhtasari wa maamuzi na orodha ya waliokuwepo. Akaongeza nisiwakimbize watu. Rahisi kusema, yeye hana tarehe 30 Aprili.

*Jumapili, 16 Machi*

Mvua.

*Mofu, Alhamisi, 20 Machi*

Nimekwenda nyumba saba, fomu saba zimerudi nyeupe. Wote wanaongea, wanacheka, wananipa kambale wa kukaanga, nikitaja fomu wanakumbuka ng'ombe hajafungwa. Mmoja hana hata ng'ombe.

Nimechoka na hawa wazee. Naokoa lugha yao wenyewe, nao wananifanya kama nimekuja kuiba.

*Mofu, Jumamosi, 29 Machi*

Kikao kimefanyika, asante Mungu. Watu kumi na wanne, kwenye darasa la shule. Nimeeleza utafiti. Nimesema nakusanya maneno ya Kindamba yasipotee, wakapiga makofi. Kuhusu sauti kuhifadhiwa chuoni daima, na watu wengine kuruhusiwa kuzisikiliza, nilisema pia. Nilisema haraka, kwa Kiswahili cha ofisini, wakati soda zinagawiwa.

Kisha nikapitisha karatasi ya mahudhurio. Nani anakataa kusaini mahudhurio? Kliniki unasaini, semina ya mbolea unasaini, usiposaini ni kama hukuja. Fomu hawataki, ila mahudhurio waligombea kalamu. Bibi Stefania alikuwa wa mwisho. Akauliza hii ni ya nini.

"Ya mahudhurio tu, bibi," nikasema.

Akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza, akalipangusa kwenye kitenge chake. Kwa karatasi hii Careen na kamati yake watanyamaza.

*Jumatano, 2 Aprili*

Nimechapa muhtasari: wajumbe kwa kauli moja wameridhia sauti zao kurekodiwa, kuhifadhiwa na kutumiwa na chuo. Nikaambatisha mahudhurio nyuma. Kijana wa steshenari akanisifu kwa mpangilio. Nimetuma, pamoja na sauti zote.

Moyo umetulia. Nimekula wali sahani mbili.

*Jumatatu, 7 Aprili*

Mto umevuka kingo. Wavuvi wa Kivukoni wanasema haya maji hawajayaona tangu miaka mingi. Njia ya Mofu imekatika. Kamati kimya.

*Jumatatu, 14 Aprili*

Wamekubali! Barua ni fupi: ridhaa ya jamii imepokelewa, endelea. Nimemrukia shangazi kwa furaha mpaka akaangusha mwiko. Akauliza wale watu wa Mofu nimewezaje, maana anawajua kwa fomu. Nikasema siri ya mtungi. Akacheka kidogo akarudi kwenye mboga zake.

*Ijumaa Kuu, 18 Aprili*

Niandike kabla sijaghairi.

Tulirudi kutoka kwenye Njia ya Msalaba tumelowa. Nilianika makaratasi yangu mezani kwa sababu maji yalikuwa yameingia kwenye mkoba. Nikaenda kubadilisha nguo. Niliporudi shangazi alikuwa amesimama na nakala ya muhtasari mkono mmoja, mahudhurio mkono wa pili. Hakuwa amevaa miwani na alikuwa ameisogeza karatasi mbali na uso wake. Akaniuliza kama hawa watu walijua wanasaini nini.

Nikasema walijua. Akauliza tena kwa sauti ileile aliyokuwa akiwauliza wanafunzi walioiba chaki. Nikawaka. Nikamwambia yeye hakunisaidia lolote, alikaa hapa na magoti yake wakati mimi navuka matope, sasa aniache. Nilisema na mengine ambayo sitaki kuyaandika.

Aliningoja nikamaliza, akakaa.

"Mpaka ule," akasema, "haukusainiwa fomu. Ulisainiwa mahudhurio. Na aliyeyapitisha ni mimi."

Nimeielewa habari yake vipande vipande. Alikuwa mwalimu mwenye mwandiko mzuri, wakamwomba awe katibu wa kikao. Maofisa wa hifadhi waliongea saa nzima, watu wakanywa soda, yeye akazungusha karatasi. Kila aliyeuliza alimjibu ni ya mahudhurio tu, na yeye mwenyewe aliamini hivyo. Mwezi mmoja baadaye alikwenda wilayani kufuatilia mshahara wake, akaikuta karatasi ileile, mwandiko wake mwenyewe, imebanwa nyuma ya ukurasa unaosema sisi wananchi tumeridhia. Dole la Bibi Stefania lilikuwa la nne.

Hakusema kitu. Aliogopa kazi, aliogopa maofisa, na baadaye akaogopa watu wa Mofu kuliko wote. Akaomba uhamisho. Miaka yote hii wale watu wanaapa hawakusaini fomu, wanaonekana waongo, na mtu mmoja anajua kwamba wanasema kweli, naye anakaa Lipangalala anasingizia magoti.

Nilitamani kumchukia. Nilijitahidi, saa nzima. Lakini nilikuwa na karatasi yangu pale mezani inakauka, na tofauti yetu ni kwamba yeye hakujua.

*Jumamosi, 19 Aprili*

Hatujasemeshana. Nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Hakuna anayejua. Hilo ndilo linalonisumbua. Nikikaa kimya, mwakani nina shahada yangu na Mofu hawatajua kamwe.

*Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili*

Nimemwandikia Careen kila kitu. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Shangazi alipita nyuma yangu akasimama, kisha akaniletea chai.

*Jumanne, 22 Aprili*

Careen amepiga simu. Nilitegemea aniambie nimekosa tu kidogo, au anitukane, nijue moja. Akaniambia habari ya bibi yake. Watu wa chuo fulani walimrekodi akiimba, zamani, mama yake Careen akiwa mtoto. Sauti ile iko kwenye jengo mjini. Careen akitaka kumsikia bibi yake anajaza maombi, anangoja wiki sita, anasikiliza kwenye chumba chenye mlinzi. Mara ya kwanza alikataliwa.

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema hilo halisemi yeye. Nikiamua kusema, atakaa upande wangu mbele ya kamati. Nikiamua kunyamaza, tusiongee tena kuhusu jambo hili, kwa sababu yeye hawezi kulijua akaendelea kuninywesha chai.

Nikakata simu nikalia kwa hasira. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi nilikuwa namtafuta wa kuniambia.

*Mofu, Alhamisi, 24 Aprili*

Barabara bado iko chini ya maji, kwa hiyo tumepita kwa mtumbwi wa mvuvi mmoja, Nazari. Nasema tumepita, maana asubuhi nilipotoka nilimkuta shangazi mlangoni amevaa mabuti ya mvua ya marehemu baba, makubwa kama ndoo. Sikumuuliza magoti yake. Maji yalikuwa yamefunika mashamba, vichwa vya mpunga vinachungulia, na Nazari alikuwa akisukuma mtumbwi kwa pondo. Shangazi alishika rozari safari nzima.

Walipomwona walikimbia kumlaki. Hapo ndipo nilipoumia zaidi. Wanawake watatu walimbeba karibu kumtoa mtumbwini, Mwalimu, Mwalimu, tulidhani umetusahau. Eustaki akaita watu darasani kwa furaha.

Nilianza mimi. Nikawaambia karatasi waliyosaini haikuwa ya mahudhurio tu, kwamba niliitumia kusema wameridhia, na kwamba sauti zao sasa ziko Australia. Nilisema kwa Kindamba changu kibovu, ili nisijifiche nyuma ya Kiswahili. Eustaki aliinamisha kichwa, kwa sababu yeye ndiye aliyeniitia watu.

Kisha shangazi akasimama. Alisema yote, akiwa wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesema shairi. Alipofika kwenye ukurasa uliobanwa, mzee mmoja akatoka nje.

Bibi Stefania alikuwa mbele kabisa.

"Mwalimu," akasema, "kila Jumapili nilikuwa nayaombea magoti yako."

Shangazi akakaa chini sakafuni, na sijawahi kumsikia akilia vile, hata baba alipokufa. Hakuna aliyemwinua. Nami sikuthubutu.

Baadaye bibi akanigeukia. Akauliza sauti yake iko wapi sasa hivi, saa hii. Nikasema iko kwenye kinasa hiki na kwenye kompyuta za chuo. Akasema irudi. Nikamwambia itabidi niandike barua kuikataa karatasi yangu mwenyewe, na huenda nikafukuzwa. Akasema barua niandike, hilo la pili halijui.

*Jumamosi, 26 Aprili*

Nimetuma barua. Nimeondoa muhtasari na mahudhurio. Nimeandika nimedanganya, kwa neno hilohilo, baada ya kujaribu matatu laini zaidi.

*Jumatano, 30 Aprili*

Leo ndiyo ile tarehe. Shangazi amechemsha mihogo.

*Ijumaa, 9 Mei*

Kamati imenihoji kwa video saa moja asubuhi, mtandao unakatika kila nikisema jambo la maana. Careen alikaa pembeni ya skrini na alisema mara moja tu, kwamba mwanafunzi aliyejiripoti asifanywe sawa na aliyekamatwa.

Uamuzi: nimepewa onyo la maandishi. Sauti zimefungiwa, hakuna wa kuzigusa. Nina mpaka tarehe 31 Mei kupata ridhaa mpya ya Bibi Stefania, ambaye sauti yake ndiyo karibu utafiti wote, asomewe fomu neno kwa neno kwa lugha yake, mbele ya shahidi anayemchagua mwenyewe. Akikubali, naendelea. Akikataa, zinafutwa na ufadhili unaisha Juni.

Nimejikuta nafurahi, nikaona aibu kufurahi, nikafurahi tena. Kumbe bado ninataka ile shahada vibaya sana.

*Alhamisi, 15 Mei*

Maji yanashuka. Shangazi amekwenda Mofu peke yake siku mbili. Eustaki na wazee wanataka kuandika malalamiko ya mpaka upya, na wanamtaka aandike alichokiona, atie saini yake mwenyewe. Amerudi amechoka, tope tupu. Nikamuuliza kama wamemsamehe. Akasema hawajamwambia na yeye hajauliza, wana kazi.

Nilikuwa namwona mwoga. Sasa sijui nimwite nani. Mimi nimevunja kitu cha mwezi mmoja, yeye anabomoa cha miaka yake yote.

*Mofu, Jumamosi, 24 Mei*

Bibi Stefania amemchagua shangazi awe shahidi. Nilidhani nimesikia vibaya. Akasema huyu anajua karatasi inavyogeuka, atanishtua ikigeuka.

Tulikaa uani kwake, mpunga wa kwanza umeanikwa kwenye turubai, kuku wanafukuzwa katikati ya sentensi. Niliisoma fomu yote. Mstari mmoja kwa Kiswahili, kisha kwa Kindamba, na niliposhindwa shangazi alinisaidia. Kurasa nne zilichukua saa tatu. Sikujua kwamba fomu ile ina mambo mengi hivyo. Nimeitembeza miezi mitatu, na ukurasa wa tatu ni leo ndipo nimeuelewa.

Bibi aliuliza maswali. Je, mgeni anaweza kusikiliza bila kumwambia? Ndiyo. Je, wanaweza kuandika kitabu na yale maneno? Ndiyo, wakitaja alikotoka. Mjukuu wake akitaka kumsikia bibi yake atapita wapi? Nikasema ataandika maombi. Nilipolisema nikamkumbuka Careen kwenye kile chumba.

Swali la mwisho aliuliza akipepeta. "Nikifa, nikiwa bado naongea kule, nani atanizima?"

Nikatafuta kwenye fomu. Nikamsomea kilichoandikwa: chuo kitaamua.

Ningeweza kusema lolote. Nilikuwa na maneno tele: kwamba lugha inapotea, kwamba wajukuu wake hawajui hata la kwanza, kwamba nitafuatilia mimi mwenyewe, kwamba nitafukuzwa. Yalikuwa mdomoni kabisa. Shangazi alikuwa ananitazama, wala hakunisaidia. Nikanyamaza.

Bibi akaweka ungo chini. Akasema safari hii nimeomba vizuri, nimesoma taratibu, sikumficha kitu, na kwa hiyo na yeye atanijibu vizuri. "Hapana, mjukuu wangu."

Sitadanganya humu. Nilisema sawa bibi, na ile sawa ilitoka na pumzi yangu yote. Nikachukua kalamu. Kwenye nafasi ya maelezo nikaandika kwa Kiswahili: Amesomewa yote, ameelewa, amekataa. Nikamsomea nilichoandika, kisha nikamtafsiria.

Akaniambia nirudie neno la mwisho. Nikarudia.

Akaomba wino. Akachovya dole gumba, akaniuliza lile neno liko wapi, nikamwonyesha kwa kidole. Akaligandamiza juu yake taratibu, mpaka alipohakikisha limeshika, na shangazi akatia saini ya shahidi chini yake.

Jumatatu naituma chuoni.